Hesabu Mbele ya Wote: Wanachama na Wayunani wa Kale

Somo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na vikundi vya masomo vya wanachama

Jina la Wayunani si geni kwa wakazi wa Ngumbo na wa vijiji vingine vya ufukwe wa Ziwa Nyasa. Wengi wamelisikia kanisani, katika habari za Mtume Paulo alipofika mjini Athens, ambao Biblia yetu huuita Athene, akahojiana na wenye hekima wa huko. Neno falsafa nalo, ambalo wasomi wetu hulitumia kila siku, lilizaliwa katika lugha ya Wayunani, likapita kwa Waarabu, ndipo likafika pwani yetu. Hata hivyo mwanachama aliyeacha nyavu zake au shamba lake la mihogo ili asome ukurasa huu ana haki ya kuuliza: watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita wana neno gani la kumwambia katibu wa chama cha msingi?

Wanalo neno moja kubwa, na somo hili litashughulika na hilo. Wananchi wa Athens ya kale wengi wao walikuwa wakulima, mafundi, wavuvi na mabaharia, nao walijitawala kwa mikutano. Swali lililowasumbua ni lile lile linalovisumbua vyama vyetu. Mali iliyo ya watu wengi haina budi ishikwe na watu wachache, kwa sababu watu mia tatu hawawezi kushika ufunguo mmoja wa ghala. Basi mali hiyo italindwaje na hao walioishika? Wayunani walihubiri wema kama watu wengine wote wahubirivyo, lakini hawakuishia hapo. Waliweka utaratibu wa kutoa hesabu, na wanafalsafa wao wakautafakari utaratibu huo kwa makini ambayo hata leo ni vigumu kuyapita.

Katika mkoa wa Ruvuma swali hili lina historia yake. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo, kilichojulikana kwa kifupi kama NGOMAT, kiliandikishwa mwaka 1936, miaka mitatu tu baada ya KNCU ya Kilimanjaro. Mwaka 1966, nchi ikiwa huru, Tume Maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini kote. Iliona ubadhirifu na upendeleo, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kwamba wanachama hawakuwa na habari za kutosha juu ya vyama vyao wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wilaya ya Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU, kilichokuwa kikiwapa wakulima wa kahawa pembejeo kwa mkopo. Lakini katika miaka ya 1990, soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nacho kikaanguka.

Kwa hiyo mzee wa miaka themanini wa huku kwetu ameona vyama vikizaliwa, vikifa na kufufuliwa. Anapoombwa alipe kiingilio kwa mara nyingine, hana haja ya kusikia maelezo marefu juu ya faida za umoja; hizo anazijua kuliko anayemweleza. Anachouliza ni ile fedha ya kwanza ilikwenda wapi.

KUNYOOSHA HESABU

Katika Athens ya karne ya 5 na ya 4 K.K. kazi nyingi za umma zilikuwa za mwaka mmoja, na wengi wa waliozishika walipatikana kwa kura ya bahati miongoni mwa wananchi. Kabla ya kuanza kazi, mteule alisimamishwa na kuulizwa maswali. Baba yake ni nani? Je, wazazi wake anawatunza vema? Kodi analipa? Alipoitwa vitani alikwenda? Kisha ikaulizwa mbele ya watu kama yuko mwenye neno juu yake. Msomaji aone jinsi maswali hayo yalivyokuwa ya nyumbani. Hakuna aliyeulizwa ana cheti gani. Fikra ya kwamba mtu asiyemtunza mama yake mzazi hafai kukabidhiwa ghala la wenzake ingeeleweka mara moja Ngumbo, bila msaada wa mwanafalsafa.

Lakini uzito wenyewe ulikuwa mwishoni mwa kazi. Kila aliyeshika dhamana ya umma, muda wake ulipokwisha, alipaswa kutoa hesabu. Jambo hilo waliliita euthuna, neno litokanalo na tendo la kunyoosha, kama fundi anyooshavyo ubao uliopinda kabla ya kuupigilia kwenye mashua. Wakaguzi 10, waliopatikana kwa kura, walipokea hesabu za kila ofisa na kuzipeleka mbele ya mahakama ya wananchi. Aliyeonekana ameiba alilipa mara kumi ya alichoiba. Aliyeharibu kwa uzembe alilipa hasara ile ile, lakini ikawa maradufu iwapo hakulipa kwa wakati. Hesabu ya fedha ilipokwisha, ikafuata hatua ya pili: maofisa wengine, mmoja kwa kila kabila la mji, walikaa mahali pa wazi saa za soko, na mwananchi yeyote aliyekuwa na lalamiko juu ya mwenendo wa yule aliyemaliza kazi aliweza kuliandika kwenye kibao kilichopakwa rangi nyeupe, akitaja jina lake mwenyewe, jina la anayemlalamikia, kosa, na adhabu aionayo kuwa ya haki. Barua zisizo na jina hazikuwa na nafasi hapo.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanastahili kutazamwa kwa kituo.

La kwanza, dhamana haikukoma siku muda wa kazi ulipokoma. Ilikoma siku hesabu ilipokubaliwa. Kabla ya siku hiyo ofisa hakuruhusiwa kusafiri nje ya nchi, wala kuandika wosia wa mali yake, wala kuitoa wakfu kwa miungu, wala kuingia katika ukoo mwingine kwa kufanywa mwana wa kupanga. Kwa maneno mengine, mji ulishika mali yake kama rehani. Walinganishe makatibu na yale yatokeayo mara nyingi katika vyama. Mwenyekiti au mtunza fedha hukabidhi ufunguo siku ya Ijumaa, akashukuriwa kwa makofi, na vitabu vikaahidiwa kufuata baadaye. Baadaye husikika kwamba vitabu vimeliwa na mchwa, au kwamba stakabadhi zililoa pale mashua ilipopigwa na wimbi. Huenda ni kweli. Mchwa wapo na mawimbi yapo. Lakini makofi yalikwisha kupigwa, na bodi mpya haina la kushika.

La pili, hata yule ambaye hakupokea wala kutumia hata senti moja hakusamehewa. Alitakiwa aandike maneno hayo hayo: kwamba hakupokea kitu cha mji wala hakutumia kitu cha mji. Jambo hili laweza kuonekana la kuchekesha. Kwa kweli ndani yake mna busara kubwa, kwa maana kutoa hesabu kulikuwa ni wajibu wa kila mtu, hivyo hakuna aliyeweza kuona kwamba ametukanwa kwa kuombwa hesabu. Kwetu mwanachama anayesimama mkutanoni na kuuliza habari ya vocha fulani hutazamwa kama mtu mwenye chuki binafsi, na pengine ni shemeji ya mtunza fedha, kwa hiyo hunyamaza. Pale ambapo kila mtu huhesabiwa kila mwaka, shemeji naye aweza kuuliza bila kuvunja undugu.

Kuna habari moja ndogo juu ya chanzo cha maarifa haya ambayo itawafurahisha makatibu. Mengi tunayoyajua juu ya ukaguzi wa Athens yamo katika kitabu juu ya katiba ya mji huo, kitokacho katika shule ya Aristotle. Kitabu hicho kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi, hata mwaka 1891 kilipochapishwa mjini London kutoka katika mafunjo yaliyopatikana Misri. Mwandishi aliyekinakili alikuwa ameandika nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, na upande wa mbele wa karatasi hizo ulikuwa na hesabu za shamba, mapato na matumizi, zilizowekwa na msimamizi mmoja wa karne ya kwanza baada ya Kristo. Daftari la mtunza hesabu wa shamba ndilo lililotuhifadhia elimu hiyo.

MAJIBU MAWILI

Plato, aliyekuwa mwanafunzi wa Socrates, alilijibu swali la mali ya wengi kwa njia iliyo karibu sana na historia ya Tanzania. Katika kitabu chake juu ya dola alipendekeza kwamba walinzi wa mji wasiwe na mali yao binafsi zaidi ya ile ya lazima, wasiwe na nyumba wala ghala ambalo mtu mwingine hawezi kuingia, wale pamoja, na wasiguse dhahabu wala fedha. Akimaanisha kwamba mtu asiye na chake cha kulimbikiza hatakuwa na sababu ya kuwaibia wenzake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na fikra ya namna hiyo liliposema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika makampuni. Azimio halikutoka kwa Plato. Lilitoka katika hali ya nchi yetu wakati ule. Lakini swali ni moja, na mahali pa kutafuta jibu ni pamoja: katika nafsi na mfuko wa kiongozi. Mwaka 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilipokutana Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa.

Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 K.K. na kusoma kwa Plato muda mrefu, hakukubaliana na mwalimu wake. Alisema kwamba kitu kilicho cha watu wengi sana ndicho kipatacho matunzo haba kuliko vyote, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake atakitunza. Aliyeona trekta la kijiji likiota nyasi chini ya mwembe hahitaji kushawishiwa. Lakini Aristotle hakusema watu waache mambo ya pamoja. Alitafuta njia za kuyalinda, na njia zake zinaelekea zaidi kwenye utaratibu kuliko kwenye umaskini wa viongozi. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wamekusanya habari za katiba za miji 158, kwa hiyo alikuwa anazungumza juu ya mambo yaliyokwisha kujaribiwa.

Katika kitabu chake cha siasa anasema kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kila utawala ni kupanga sheria ili kazi ya umma isiwe njia ya kupata faida. Watu, asema, hawachukizwi sana na kutokuwa na madaraka; hufurahi hata kuachiwa nafasi ya kufanya kazi zao. Kinachowakasirisha ni kufikiri kwamba walio madarakani wanawaibia, maana hapo wamekosa mara mbili, heshima na mali. Kisha anatoa shauri ambalo lingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya chama: fedha ya umma inapokabidhiwa, ikabidhiwe mbele ya wananchi wote, na nakala za hesabu ziwekwe katika kila kabila, kila ukoo na kila kikosi. Mahali pengine anaongeza kwamba, kwa kuwa maofisa wengi hushika fedha nyingi, hapana budi kuwe na ofisi nyingine ambayo kazi yake ni kupokea hesabu na kuzikagua tu, nayo isishike kitu kingine chochote.

Shauri la mwisho tunalo. Shirika la Ukaguzi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982, linakagua na halinunui mazao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 nayo inadai hesabu zikaguliwe. Lile la nakala ndilo ambalo vyama vingi havilitimizi. Taarifa ya ukaguzi huja ikiwa na kurasa nyingi, husomwa haraka haraka mwishoni mwa mkutano mkuu wakati watu wametazama jua, kisha hufungiwa kabatini. Mwanachama aishiye mbali, ambaye huhitaji kupanda mtumbwi au kutembea nusu ya siku ili afike ofisini, hataiona kamwe. Nakala moja kwa kila kitongoji chenye wanachama, iliyobandikwa mahali watu wanapokutana, gharama yake ni karatasi na gundi.

ARISTIDES NA WALIOMSIFU

Isidhaniwe kwamba Athens haikuwa na wezi. Plutarch, mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, anasimulia habari za Aristides, aliyeitwa Mwenye Haki. Aristides alichaguliwa kuwa msimamizi wa mapato ya mji. Akachunguza, akaonyesha kwamba maofisa wa wakati wake na wale waliowatangulia walikuwa wamekula fedha nyingi. Matokeo yake, alipotoa hesabu zake yeye, hao hao walishirikiana kumshtaki kwa wizi, naye akapatikana na hatia. Watu wema walikasirika. Akasamehewa faini, akarudishwa katika kazi ile ile.

Safari hii Aristides alijifanya amejuta. Akalegeza mkono, hakuuliza sana, hakukagua vocha kwa karibu. Wezi wakashiba, wakamsifu kila pembe, wakazunguka mjini kumfanyia kampeni achaguliwe tena. Siku ya kupiga kura Aristides alisimama akawakemea Waathens. Alipofanya kazi kwa uaminifu, alisema, alitukanwa na kuhukumiwa. Sasa alipoacha mali yao iliwe na wezi, ndipo anaonekana raia wa ajabu. Naye anaionea haya heshima ya leo kuliko hukumu ya jana. Kila katibu aliyewahi kukataa kutia saini malipo yasiyo na stakabadhi anaijua habari hii hata kama hajapata kulisikia jina la Aristides. Sifa za watu zapaswa kuulizwa zimetoka kwa nani.

Pericles, kiongozi mkubwa kuliko wote wa mji huo, wakati mmoja aliandika katika hesabu zake talanta 10, fedha nyingi sana, kuwa zimetumika kwa jambo la lazima, bila maelezo zaidi. Wananchi walipitisha, kwa sababu walifahamu kwamba fedha hiyo ilimwondoa adui mpakani kwa siri. Mistari ya namna hiyo tunayo mingi: huitwa matumizi mengineyo. Tatizo ni kwamba hakuna adui aliyeondoka mpakani. Na hata Pericles, licha ya utukufu wake wote, mwaka 430 K.K. aliondolewa katika kazi na kutozwa faini, ingawa baadaye walimchagua tena. Inasimuliwa pia kwamba kijana Alcibiades alipokwenda kumtembelea akaambiwa kwamba mzee hana nafasi, anafikiri jinsi ya kutoa hesabu kwa Waathens. Kijana akajibu kwamba ingefaa zaidi afikiri jinsi ya kutozitoa. Alcibiades huyo alikuja kuleta hasara kubwa kwa mji wake.

MLAJI NA MPISHI

Kisingizio kinachosikika kuliko vyote ni kwamba wanachama hawajui mambo ya hesabu. Wako wanaosema hivyo kwa nia njema, na wako wanaosema hivyo kwa sababu giza linawafaa. Aristotle alikutana na kisingizio hicho, naye akakijibu kwa mifano ya nyumbani. Nyumba huhukumiwa vema na anayekaa ndani yake kuliko fundi aliyeijenga. Usukani huhukumiwa na nahodha kuliko seremala. Na karamu huhukumiwa na mgeni mlaji, wala si mpishi. Aidha alisema kwamba watu wengi, ambao mmoja mmoja si hodari, wakikutana huweza kuamua vizuri kuliko wachache walio hodari, kama vile karamu ambayo kila mtu ameleta chakula chake inavyoweza kuishinda karamu iliyoandaliwa na mtu mmoja.

Wamatengo wa milimani waliijua karamu ya namna hiyo. Waliiita sengu: watu wa eneo moja walikula pamoja, na hapo hapo wazee walizungumza mambo ya jamii na kupatanisha waliogombana. Katika miaka ya karibuni jina na fikra hiyo vilifufuliwa Kindimba, wilayani Mbinga, katika kamati za maendeleo zilizosaidiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wayunani wa Sparta nao walikula pamoja, lakini sheria yao ilikuwa kwamba asiyeweza kuleta sehemu yake ya chakula alipoteza uraia, na Aristotle aliilaumu vikali sheria hiyo kwa sababu iliwafukuza maskini. Wanaopanga viwango vya hisa katika vyama wangefanya vema kuikumbuka lawama hiyo.

Turudi kwenye hesabu. Mwanachama aliyepeleka kilo 200 za kahawa anajua kwamba alipeleka kilo 200. Anajua malipo ya kwanza yalikuwa kiasi gani, anajua kama malipo ya pili yalikuja au hayakuja. Asichokijua ni lugha ya mizania. Kazi ya katibu ni kuivunja mizania hiyo irudi kwenye kilo. Kwa kila kilo moja iliyouzwa, bei ilikuwa nini. Usafiri ulichukua ngapi, magunia ngapi, ushuru ngapi, mkopo wa pembejeo ngapi, posho za vikao ngapi. Mkulima akabakiwa na nini. Hesabu ikisomwa hivyo, hakuna mkulima asiyejua hesabu. Vivyo hivyo kwa chama cha wavuvi: isomwe kwa ndoo ya dagaa.

Kuhusu akidi, ambayo huwaliza makatibu wengi, Athens nayo ililia. Wakati mmoja watu waliokuwa wakizurura sokoni walisukumwa kuelekea mkutanoni kwa kamba iliyopakwa rangi nyekundu, na aliyechafuka alijulikana. Baadaye, karibu na mwanzo wa karne ya 4 K.K., waliamua kulipa posho kwa wahudhuriaji, kwanza oboli moja, kisha mbili, kisha tatu. Historia ya posho ni ndefu kuliko tunavyodhani, na mwelekeo wake haukubadilika.

Mwanachama asiyepewa hesabu kwa kawaida hagombani. Huondoka kimya kimya. Mwaka unaofuata, ada ya shule inapomkaba na kahawa ingali mtini, anakwenda kwa mnunuzi wa magoma, anapokea fedha kidogo mkononi, na wakati wa mavuno zao lote linabebwa kwa bei ya kusikitisha. Mwaka 594 K.K. Solon alikuta mashamba ya Athens yamesimikwa mawe ya rehani na wakulima wengine wameuzwa utumwani kwa sababu ya madeni. Alifuta madeni hayo, akang'oa mawe, na akakataza mtu kukopa kwa kuweka mwili wake rehani. Magoma hayana jawe, lakini mkulima aliyeuza maua ya mibuni yake anajua kwamba shamba si lake msimu huo. Chama ndicho kingekuwa kimbilio lake, lau angekiamini.

MWENYEKITI NA KELELE ZA MKUTANO

Utaratibu wa hesabu ulimlinda pia mtoa hesabu. Hilo husahauliwa, na Athens yenyewe iliwahi kulisahau kwa majuto.

Mwaka 406 K.K. majeshi yake yalishinda vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusae. Baada ya ushindi ikavuma dhoruba, na mabaharia waliokuwa wakielea kwenye vyombo vilivyovunjika hawakuokolewa. Watu wa Ngumbo, waujuao upepo wa mwera, wanaweza kufikiri hali ilivyokuwa. Mji ulijaa uchungu. Mkutanoni likatolewa pendekezo kwamba makamanda wanane wahukumiwe wote pamoja kwa kura moja, kinyume cha sheria iliyotaka kila mshtakiwa asikilizwe peke yake. Wachache walipopinga, umati ulipiga kelele kwamba ni ajabu watu kuzuiwa kufanya wapendavyo. Waliokuwa na zamu ya kuongoza mkutano walitishwa kwamba wataunganishwa katika mashtaka, wakaogopa, wakakubali. Mmoja tu alikataa, naye ni Socrates. Alisema hatafanya lolote kinyume cha sheria. Kura ikapigwa bila yeye. Sita waliokuwapo waliuawa. Haukupita muda mrefu Waathens wakajuta, wakaamuru waliowadanganya washtakiwe.

Mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama, na hakuna mkaguzi anayetaka iwe vinginevyo. Lakini mkutano nao una masharti yake, yaliyoandikishwa. Ukisimama ukadai akiba ya kisheria igawanywe siku hiyo hiyo, au mtunza fedha afukuzwe kabla hajaonyeshwa tarakimu anazodaiwa, mwenyekiti ana wajibu wa kukataa kuliweka jambo hilo kwenye kura, hata kama atazomewa. Socrates mwenyewe aliuawa na mahakama ya mji huo huo mwaka 399 K.K., kwa mashtaka mengine.

WALIOACHWA NJE

Hao ndio Wayunani, nao wasitukuzwe kupita kiasi. Mikutano yao haikuwa ya wote. Wanawake hawakuwamo, wageni wakaazi hawakuwamo, na watumwa, waliolima na kuchimba fedha iliyoujenga mji, hawakuwamo kabisa. Aristotle, mwenye busara nyingi kama tulivyoona, aliandika kwamba wako watu walio watumwa kwa asili yao. Ufukwe wa Nyasa, ambako misafara ya watumwa ilivushwa ziwa na kuelekea Kilwa katika karne ya 19, una jibu lake kwa maneno hayo.

Hata hivyo vyama vyetu visiharakishe kucheka. Katika madaftari mengi ya wanachama jina lililoandikwa ni la mume, ilhali mkono uliopalilia na kuchuma ni wa mke. Hesabu husomwa mbele ya wanachama. Na kama mwenye jasho si mwanachama, husomwa bila yeye kuwapo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika chama chenu, bodi iliyopita ilikabidhi nini, siku gani, na mbele ya nani? Tazameni katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano, msijibu kwa kukisia.

2. Chukueni taarifa ya mwisho ya hesabu iliyokaguliwa. Igeuzeni iwe ya kilo moja ya kahawa, au ndoo moja ya dagaa, kama ilivyoelezwa juu. Ni makato gani ambayo hakuna hata mmoja kikundini anayeweza kuyaeleza?

3. Je, yuko mwanachama aliyewahi kuuliza swali juu ya fedha akaitwa mchochezi? Alijibiwa au alinyamazishwa?

4. Hesabuni majina ya wanawake katika daftari la wanachama, kisha hesabuni wanawake walioleta mazao kwenye mizani msimu uliopita.